Gari Lililopiga Hodi

Kwa miezi mitatu gari langu lilikuwa likifika Zombo kabla yangu. Nikitokea Mikumi, pale barabara ya vumbi inapoanza kupata nyumba kulia na kushoto, naigusa breki kidogo tu, na yowe moja jembamba linatoka gurudumu la mbele kushoto. Linapanda, linapanda tena, linakatika gari linaposimama. Watoto walishajifunza kuliiga, na mmoja wao, mwenye pengo, aliliweza kuliko gari lenyewe. Bibi anayeuza chai na mihogo kando ya njia akilisikia anasogeza sufuria kwenye mafiga, kwa hiyo nikiteremka nakuta maji yameanza kutoa mvuke.

"Nimekusikia tangu kule kwenye miembe, mwanangu," ananiambia kila mara.

Nami kila mara nilikuwa naona haya. Gari kuukuu likilia mtu anaelewa. Langu lilikuwa limetoka kubadilishwa diski zote mbili za mbele na pedi zote nne, kwa fedha ambazo zingeninunulia mbolea ya msimu mzima. Waswahili wanasema debe tupu haliachi kuvuma. Hili langu lilikuwa limejaa spea mpya.

Mambo yalianzia mlima wa Kitonga. Nilikuwa natoka Iringa na magunia manne ya viazi, tena lumbesa, maana mkulima wa Iringa akikufungia gunia la kawaida unaona amekunyima. Anayeujua mlima ule anajua unavyoteremka: kona juu ya kona, ukuta wa mwamba upande mmoja, bonde upande wa pili, na malori mbele yako yakitambaa kwa gia ndogo huku harufu ya breki iliyoungua ikiingia dirishani. Nilishuka nikiwa nimekanyaga breki. Katikati ya mlima pedali ikaanza kulainika. Nikakanyaga tena, ikazama zaidi, laini kama godoro. Nilifika Ruaha Mbuyuni nikiwa nimeshika breki ya mkono na mguu wangu unatetemeka. Naomba jambo moja likumbukwe, kwa sababu mimi mwenyewe nililisahau kwa muda mrefu: siku ile breki zangu hazikutoa sauti yoyote. Zilikuwa zinakufa kimya.

Mtu aliyeponea chupuchupu huwa na haraka ya kununua. Wiki iliyofuata nilikuwa Ilala, Dar es Salaam, mbele ya kaunta ya duka la spea, nikionyeshwa diski zilizotobolewa matundu na kuchorwa mifereji, zinang'aa kama sinia la harusi. "Mama, hizi zimetoka Ulaya," muuzaji akaniambia. Nilicheka peke yangu. Kwetu huku, ukisema umetoka Ulaya, watu wanakuuliza barabara ikoje, maana Ulaya ni kata ya wilaya ya Kilosa, jirani na Zombo, na hakuna aliyewahi kuuza diski za matundu pale. Nikalipa. Gereji moja ya mjini ikazifunga mchana uleule. Kama kawaida yangu nikadai spea mbovu zilizotolewa, nikafungiwa kwenye mfuko wa sandarusi, nikautupa kwenye buti. Mwanamke akienda gereji peke yake asipodai spea mbovu anaweza kulipia spea ambayo haikubadilishwa. Sikuwa na sababu nyingine ya kuzitaka.

Siku ya tatu kelele ikaanza.

Dawa nilizoandikiwa zilikuwa nyingi kuliko wagonjwa. Kijana wa gereji akaniambia kwenye simu, "Mama, breki mpya lazima zilie, zitazoea." Jirani akasema diski zina matundu, upepo unapita humo kama kwenye filimbi. Dereva mmoja wa lori, mtu mzima kabisa, akanishauri kwa upole nipake mafuta kidogo kwenye uso wa pedi. Ushauri ule bado unanitisha. Ungefanya kazi, hapo ndipo ubaya ulipo: kelele ingekoma mara moja, kwa kuwa msuguano wenyewe ungekuwa umekoma, na mara ya pili nikiwa Kitonga ningeshuka kwa utulivu mpaka bondeni.

Kiswahili kina kitenzi kimoja kwa haya yote. Mtoto analia, ngoma inalia, kengele inalia, breki inalia. Zamani nilidhani ni ufukara wa lugha, kumpa mwenye uchungu na chombo kinachogongwa neno lilelile. Baada ya miezi mitatu ya kusafiri na sauti ile nilibadili mawazo. Anayesikia kilio huuliza kwanza, "Nani huyo? Kuna nini?" Anayesikia kelele hutaka tu inyamaze. Mimi nilikuwa nimeliita kilio kelele.

Na kwa kweli breki inalia kama zeze linavyolia. Wengi tumemwona, kwenye picha au ana kwa ana, marehemu Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma aliyelifikisha zeze kwenye majukwaa ya dunia kabla hajafariki mwaka 2003. Upinde unapopita juu ya uzi hautelezi moja kwa moja kama macho yanavyodhani. Unaunasa uzi, unauvuta kidogo, uzi unaponyoka, unanaswa tena, na hayo yanatokea mara mamia kwa sekunde moja mpaka sikio linayasikia kama sauti moja ndefu. Wapiga fidla wa taarab Unguja wanalijua jambo hili kwa vidole: upinde usiopakwa ulimbo hupita juu ya nyuzi bila kusema kitu. Pedi ni upinde, diski ni uzi. Pedi inang'ang'ania, inaachia, inang'ang'ania, na kama kuna kitu kimelegea nyuma yake, mtetemo unakua hadi kufikia maelfu kwa sekunde. Bahati mbaya sikio la binadamu ni kali zaidi kati ya mitetemo 2,000 na 5,000 kwa sekunde, palepale breki inapopenda kuimba.

Kwa hiyo msuguano usio na sauti ndio wa kushangaza, na waliotengeneza breki za diski walilijua hilo mapema. Frederick Lanchester, mhandisi wa Birmingham huko Uingereza, alisajili hataza ya breki za diski mwaka 1902. Pedi zake zilikuwa za shaba, na shaba juu ya chuma ikapiga mayowe yasiyovumilika. Isitoshe, barabara za wakati ule hazikuwa na lami, vumbi likaila shaba upesi. Nilipoyasoma hayo nilimhurumia kama mtu wa kijijini kwetu, maana angejaribu gari lake kati ya Mikumi na Kilosa angekutana na matatizo yake yote mawili yakimsubiri. Mwingereza mwenzake, Herbert Frood, ndiye aliyepata kitu cha kubandika mahali pa shaba. Inasimuliwa kwamba Frood alianza kufikiria breki alipowaona wenye mikokoteni wa milima ya Derbyshire wakifunga viatu vikuukuu vya ngozi kwenye magogo ya breki ili kupunguza kasi mteremkoni. Kampuni aliyoianzisha mwaka 1897 ndiyo Ferodo, jina ambalo ni herufi za Frood zilizochanganywa upya na kuongezewa E ya mkewe Elizabeth. Kitu alichobandika kilikuwa na asbesto. Kelele zikatulia. Ilichukua miongo mingi dunia kukubali kwamba vumbi la kimya chake lilikuwa linaua watu kwa saratani ya mapafu na ya utando wa kifua.

Fundi niliyempata mwishowe yuko Mikumi mjini, kwenye barabara kuu iendayo Iringa na Zambia, chini ya mwembe uliojaa madoa ya mafuta meusi kwenye mizizi. Mzee wa maneno machache. Nilimwamkia, akaitikia bila kuacha kupangusa mikono, akasikiliza maelezo yangu yote marefu kuhusu kelele, halafu akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameniuliza.

"Kabla ya hizi mpya, za zamani zilikuwa na kasoro gani?"

Nikamsimulia Kitonga.

"Ulishuka na gia gani, mama?"

Gari langu ni la otomatiki. Nilisema sikugusa gia.

"Ulishuka na D?" Akanitazama kidogo, akaenda kufungua boneti.

Alichovya kipande cha pamba kwenye kikopo cha mafuta ya breki, akanionyesha. Mafuta mapya huwa kama asali iliyochujwa. Yangu yalikuwa rangi ya chai ya rangi iliyochemka mara mbili. Mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewa polepole, mwaka baada ya mwaka. Ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi joto 205, lakini yakishashiba maji kiwango hicho kinaweza kushuka mpaka 140. Yakichemka yanatoa mapovu ya mvuke, na mvuke, tofauti na mafuta, unabanika. Mguu unakanyaga mvuke. Ndilo godoro nililolikanyaga.

Nyumbani niliifanya hesabu kwenye karatasi, kwa kuwa nilitaka kujua nilikuwa naziomba nini breki zile. Gari la tani moja na nusu likitoka kilomita 80 kwa saa mpaka likasimama, joto linalozalishwa linatosha kuchemsha lita moja ya maji, chai kwa watu wanne. Sehemu kubwa ya joto hilo inabebwa na magurudumu mawili ya mbele. Hiyo ni kusimama mara moja kwenye tambarare. Mlimani, kila mita 100 za kushuka, gari la tani mbili lenye viazi linatakiwa kumwaga joto la kuchemsha karibu lita sita, na kama injini haisaidii kuzuia, sehemu kubwa ya joto hilo inakwenda kwenye visahani viwili vya chuma. Matundu niliyoyalipia hayakuwa dawa ya jambo hilo. Diski iliyotobolewa ina chuma kidogo zaidi cha kuhifadhia joto, na nyufa hupenda kuanzia kwenye kingo za matundu. Yalibuniwa kwa magari ya mashindano na pedi za zamani zilizokuwa zikitoa gesi zikipata moto. Kwa gari la viazi ni urembo. Nilinunua hereni.

Fundi hakunicheka. Aliniambia nipande, niendeshe polepole mbele na nyuma mbele ya gereji, naye mwanafunzi wake akatembea kando ya gurudumu akiwa ameinama, mkono nyuma ya sikio kama anayesikiliza redio ya betri chovu.

"Gusa kidogo, mama." Likalia.

"Kandamiza." Likanyamaza.

"Rudi nyuma ukigusa vilevile." Kimya.

Wakati ule ilinipita jinsi mambo hayo matatu yalivyompa nusu ya jibu kabla hajashika spana. Pedi iliyokwisha mpaka chuma hukwaruza kwa sauti nzito, tena haichagui, unavyokandamiza ndivyo inavyozidi. Zipo pia pedi zenye kijiulimi cha chuma kilichowekwa makusudi kigusane na diski pedi ikibaki milimita mbili au tatu, ili kikupigie kelele ukanunue nyingine. Langu lilikuwa linalia likibembelezwa na kunyamaza likibanwa, upande mmoja wa mwendo tu. Maana yake kuna kitu kinacheza.

Jeki, nati tano, gurudumu chini. Mwanafunzi akasogeza mdomo kupuliza vumbi la kalipa, kibanio kinachoshika pedi, na kabla hajajaza pumzi akapigwa kofi jepesi la kisogo. "Kitambaa. Na maji." Pedi nyingi za sasa hazina asbesto, lakini mzee alikuwa amezika rafiki mmoja aliyepuliza breki miaka thelathini, na hakutaka kubishana na boksi limeandikwa nini.

Nikachuchumaa nione. Kalipa inatakiwa kuteleza juu ya pini mbili ili pedi ya ndani na ya nje zibane sawasawa. Ya upande wa kulia ilisukumika kwa kidole. Ya kushoto, pini ya chini ilikuwa imegoma; mpira wake ulikuwa na mpasuko mdogo kama wa ukucha, na ndani yake grisi ilishageuka udongo. Ulikuwa udongo wa njia ya Zombo, mwekundu, naujua, unakaa kwenye pindo za kanga zangu. Fundi aliitoa pini kwa koleo, akaifuta, akaizungusha mwangani. Pedi ya ndani ilikuwa imepata mng'ao wa kioo kwa kusugua bila kubana vizuri. Kisha akaigeuza, akanyamaza, akapitisha kidole gumba nyuma yake. Pale nyuma kulikuwa na chuma kitupu, na juu ya chuma hicho duara safi lililochapwa na pistoni.

"Vibati viko wapi?"

Sikujua anasema nini. Akaeleza: nyuma ya pedi hukaa kibati chembamba chenye tabaka la mpira au gundi, kazi yake ni kuumeza mtetemo usipite kwenda kwenye pistoni na kalipa. Aliyefunga hizi mpya hakuvihamisha, na boksi halikuja navyo.

Ndipo nilipoukumbuka mfuko wa sandarusi. Tuliufungua juu ya kreti la soda. Pedi zangu za zamani zilikuwa mle, nzito na chafu, kila moja na kibati chake mgongoni, kimoja kimepinda ncha. Miezi mitatu nilikuwa nimezunguka na dawa kwenye buti, chini ya jembe na dumu la maji, kwa sababu ya kutomwamini fundi.

Vibati viliingia bila shida. Kile kilichopinda alikinyoosha kwa nyundo ndogo juu ya chuma, tap, tap, akikitazama kwa jicho moja. Aliondoa mng'ao wa pedi kwa msasa, akachonga kingo zake kwa tupa ziwe na mteremko kidogo ili zisiingie kwenye diski kwa ukali. Grisi ya kuhimili joto akapaka kwenye pini na mgongoni mwa pedi, kiasi cha kupaka mdomo. Mpira uliopasuka ukabadilishwa. Mafuta ya breki ya zamani yakatolewa yote gurudumu kwa gurudumu, mimi nikipampu pedali na mwanafunzi akipiga kelele "Shika!" na "Achia!" mpaka yakatoka ya rangi ya asali. Nilitozwa fedha ambazo zisingenunua hata robo ya diski moja.

"Hujamaliza," akaniambia. Pedi na diski hazikuwahi kuoanishwa. Zinapokuwa mpya zinahitaji kupashwa moto kwa mpango ili pedi iache utando mwembamba, sawasawa, juu ya diski, na baada ya hapo pedi inasuguana na utando wake yenyewe. Mimi nilikuwa nimetoka gereji siku ile na kuingia moja kwa moja kwenye foleni ya Dar es Salaam, gusa-simama, gusa-simama, utando ukakaa mabakamabaka kama chapati iliyoungua upande.

Zoezi lenyewe linataka barabara tupu. Upande wa Morogoro haufai. Barabara kuu inapita ndani ya Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi, kuna matuta, kuna kibao kinachotaja faini ya kila mnyama utakayemgonga, na hakuna mtu anayetaka kujifunza bei ya twiga. Nilikwenda upande wa Iyovi, njia ya Iringa, asubuhi na mapema. Kilomita 60 kwa saa, kanyaga kwa uthabiti mpaka 10, usisimame kabisa, ongeza tena. Mara ya nne harufu ikaja, ileile ya Kitonga, na moyo ukanienda mbio. Mara ya nane pedali ilikuwa ngumu chini ya mguu na gari linashika kama limefungwa kamba nyuma. Halafu nikaendesha bila kugusa breki, madirisha wazi, vyuma vipoe. Huko nilijizoeza pia kuvuta gia kutoka D kwenda 2, nikaisikia injini ikiguna na kulizuia gari yenyewe. Miaka kumi na moja ninaendesha gari lile.

Bado zinalia mara moja moja. Asubuhi zenye umande kutu nyepesi hukaa juu ya diski usiku, na kwenye mzunguko wa kwanza wa gurudumu husikika kijisauti kifupi, kisha hufutika. Fundi aliniambia nisirudi kwake kwa hicho.

Jumamosi iliyofuata niliingia Zombo nikiwa na mbegu za ufuta nyuma. Niligusa breki kwenye miembe, gari likatii. Mbuzi wawili waliolala njiani hawakuinua hata vichwa, ikabidi nipige honi. Yule mtoto mwenye pengo alikuwa amekaa juu ya gogo, akalitazama gari likipita, akafungua mdomo, akaufunga.

Bibi alikuwa ameinama kwenye mihogo yake, mgongo kwangu. Aliponiona nimesimama karibu yake alishtuka mpaka kisu kikamponyoka.

"Leo umeingia bila hodi," alisema. Mafiga yalikuwa baridi. Akapangusa mikono kwenye kanga, akachutama, akaanza kupuliza moto.